Mguu wa Nabintu Haukuwa na Kosa

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya kana kwamba mambo yale yametokea asubuhi hii. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa kwanza, miaka ya tisini, jijini London. Nilikuwa nimesimama nje ya kituo cha mtihani wa udereva, mikono mfukoni, nikimsubiri dada mmoja arudi na gari langu. Nikaona watu wawili wanakuja kwa miguu. Mmoja alikuwa mtahini mwenye karatasi zake kwapani. Wa pili alikuwa yule dada. Gari halikuwepo.

Nitakueleza lilikuwa wapi. Kwanza nikuambie kwa nini naandika nikiwa nimekasirika.

Wiki iliyopita kijana mmoja alikuja kwenye gereji yangu hapa Iringa. Gari zuri, limeshushwa chini, limepigwa rangi. Akanipa boksi la pedi za breki alizoagiza kutoka nje, pedi nyekundu za mashindano, akataka nizifunge zote nne za mbele kabla ya mbio za Jumamosi. Nikamuuliza Jumatatu gari hilo litafanya kazi gani. Akasema litawapeleka watoto wa dada yake shule, litampandisha mama yake mjini kutoka Ipogolo. Nikamuuliza nani atakuja kuzitoa Jumapili. Akacheka. Akasema, "Mzee, hizi ndizo kali kuliko zote. Kama zinasimamisha gari la mashindano, zitashindwa gari la kwenda sokoni?"

Mwanangu, nilimrudishia boksi lake na kumwonyesha geti. Mafundi wangu walidhani nimerukwa na akili, maana sina kawaida ya kumfukuza mteja. Lakini maneno yale yalikuwa yangu. Niliyasema mimi, kwa kinywa changu, nikiwa na umri kama wake, na kuna mtu aliyaamini.

Mimi si fundi wa kubahatisha. Nilitua London na begi moja na sweta ya kuazima. Nikaosha vyombo, nikafagia ofisi za watu, nikabeba mizigo Hounslow karibu na uwanja wa ndege, na jioni nikaenda chuo. Miaka mitatu sikukosa darasa hata moja. Nikapata diploma ya ufundi wa magari, nikiwa Mwafrika pekee katika darasa letu, na kwenye mtihani wa mwisho wa breki na usukani niliwashinda wote, wenyeji na wageni. Hakuna aliyenishika mkono. Kila spana iliyo ukutani kwangu niliinunua kwa jasho langu, na niliporudi nyumbani nilirudi na kontena zima la vifaa. Nasema haya bila aibu, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nataka ujue kwamba aliyefanya upumbavu ninaokusimulia alikuwa mtu aliyesoma. Mjinga angesamehewa.

Nilikuwa na gari dogo la milango mitatu, jepesi, lenye injini kali. Kule kuna siku ambazo watu wa kawaida huruhusiwa kuingiza magari yao kwenye uwanja wa mbio, wakazunguka kwa kasi watakayo bila polisi wala taa za barabarani. Mara tatu nne kwa mwaka nilikwenda. Mara ya kwanza nilikwenda na pedi za kawaida, na baada ya mizunguko mitano zikaungua, mafuta ya breki yakachemka, kanyagio likazama hadi sakafuni, nikaishia kwenye nyasi. Wazungu wakacheka. Sikukipenda kile kicheko. Nikaenda nikanunua pedi za mashindano, zile zinazotaka moto kwanza ndipo zikamate. Zikishapata moto, mwanangu, ni kama kugonga ukuta. Safari iliyofuata aliyecheka ni mimi.

Kuzibadilisha ni kazi ya saa moja tu. Unafungua magurudumu mawili, unatoa hizi, unarudisha zile. Nilipaswa kuzitoa jioni ileile niliporudi kutoka uwanjani. Sikuzitoa. Zilikuwa zinapiga kelele kila nikisimama, mlio mkali wa chuma, na Jumapili nilipoingia kwenye uwanja wa kanisa letu Tottenham, kanisa la Wakongomani na Wakenya na sisi Watanzania wachache, vijana wote waligeuka. Niliupenda ule mlio. Niseme ukweli wote: niliziacha pedi zile kwa ajili ya ule mlio.

Mzee Mwakio alikuwepo. Alikuwa Mtaita, Mkenya, dereva wa basi la jiji kwa miaka mingi, mtu wa maneno machache, na kofia yake ya kazi haikutoka kichwani hata siku za mapumziko. Alilizunguka gari langu, akainama akatazama ndani ya gurudumu, akaniuliza nitazitoa lini pedi zile. Nikamjibu kwamba zinasimamisha gari la mashindano, zitashindwaje na gari la kwenda kanisani. Akasema zikiwa baridi hazikamati. Nikamwambia, tena mbele ya watu, "Mzee, mambo haya mimi nimeyasomea. Wewe umeyasomea wapi?"

Akaiweka sawa kofia yake, akaenda zake. Na mimi nikaona nimeshinda.

Sasa huyo dada. Jina lake Nabintu, Mkongomani wa Bukavu. Alikuja London akiwa mkimbizi, na binti mmoja, na kwa miaka alikuwa akisafisha ofisi: mabasi mawili kwenda, mabasi mawili kurudi, na anaanza kazi kabla jua halijatoka. Alikuwa amepata nafasi ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Kazi ya mchana, yenye heshima, na angekuwa nyumbani binti akitoka shule. Sharti lilikuwa moja: awe na leseni ya udereva kabla mwezi haujaisha. Mtihani wa kwanza alikuwa ameanguka kwa kuegesha vibaya. Huu ulikuwa wa pili, na kabla ya mwisho wa mwezi hakukuwa na nafasi nyingine.

Kwetu kule, gari la mtu halikuwa lake peke yake. Lilikwenda uwanja wa ndege kupokea wageni, lilibeba sufuria za harusi, na mtu akiwa na mtihani wa udereva, alifanyia humo. Nabintu alijifunzia katika gari langu. Wiki nyingi tulizunguka mitaa ya Tottenham, nami nilimfundisha vizuri, hilo sikatai. Nilimfundisha kukanyaga breki kwa upole, kama anayebonyeza unga wa maandazi. Lakini wiki zile zote gari lilikuwa na pedi za kawaida. Jumamosi kabla ya mtihani nikaenda uwanjani, nikarudi na zile za mashindano. Jumanne akaenda mtihani.

Asubuhi ile aliniuliza mwenyewe. Alisikia ule mlio njiani, mimi nikiendesha, akasema, "Kaka Elia, breki inalia. Iko sawa?" Nikamwambia, "Dada, leo una breki nzuri kuliko mtu yeyote Tottenham."

Akanishukuru.

Mimi sikuona tofauti yoyote kwa sababu mimi nilikuwa naendesha kwa fujo. Nilikimbia, nikasimama kwa ghafla, nikakimbia tena, na kwa fujo ile nilikuwa nazipasha pedi moto bila kujua. Nabintu alikaa kwenye chumba cha kusubiria nusu saa, gari likiwa nje kwenye baridi ya kugandisha maji. Kisha akaondoka polepole kama nilivyomfundisha, mwendo wa adabu, breki za kugusagusa. Pedi zile hazikupata moto hata chembe.

Walipofika kwenye zebra karibu na soko, babu mmoja akashuka njiani na kikapu chake cha magurudumu. Nabintu alimwona mapema. Alifanya kila kitu sawasawa: akatazama kioo, akaondoa mguu kwenye mafuta, akakanyaga. Gari likaendelea. Akakanyaga zaidi. Likaendelea. Mtahini akavuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote, na gari likasimama baada ya kugonga kile kikapu. Viazi vikatawanyika barabarani. Babu hakuguswa. Mungu ni mkubwa, hakuguswa. Mtahini alimwambia Nabintu aegeshe pembeni, mtihani umekwisha, watarudi kwa miguu.

Ndivyo nilivyowaona wakija.

Nabintu hakulia. Akanipa funguo akasema, "Gari iko kule karibu na soko, kaka. Mimi nilikanyaga na nguvu yangu yote. Ilikataa kusimama."

Tukaenda pamoja. Nilipofika nikainama, nikapitisha vidole katikati ya gurudumu nikagusa diski ya breki. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Hapohapo nikajua. Nilijua yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu nilikuwa nimeyasoma, ukurasa na mchoro wake niliukumbuka. Nikasimama, nikajifuta mkono kwenye koti, nikamwambia Nabintu, "Mguu wako mwepesi, dada. Ulikanyaga kwa woga."

Soma tena maneno hayo, mwanangu. Sikubahatisha. Nilijua, na nikamwambia mguu wake mwepesi.

Yeye akaitikia kwa kichwa. Akasema labda ni kweli.

Kile kilichofuata kinanichoma kuliko viazi vile. Sikuzitoa pedi. Kuzitoa kungekuwa kukiri. Wiki tatu nilizunguka nazo, na kanisani watu walipouliza habari za Nabintu nilisema ni mambo ya woga, wanawake wengine barabara inawashinda. Nafasi ya kazi akapewa mwingine. Nabintu akarudi kwenye ndoo na mabasi yake mawili.

Jumamosi moja asubuhi Mzee Mwakio aliniomba gari akachukue viti vya kanisa kwenye ukumbi wa mtaa wa pili. Sikuweza kumnyima. Alirudi baada ya dakika chache, bila viti. Akashuka, akafunga mlango taratibu, akanitazama mpaka nikaangalia pembeni.

"Yule mama alifanya mtihani na pedi hizi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Hakunitukana. Nilitamani anitukane. Uwanja wa kuegeshea magari wa kanisa ulikuwa mtupu asubuhi ile. Alikwenda hadi mwisho wake, akavua kofia yake, mara ya kwanza kumwona kichwa wazi, akaiweka chini kwenye lami. Akaniambia nisubiri gari lipoe kabisa. Tukasubiri, mimi na yeye, kwenye baridi. Kisha akasema niendeshe mwendo wa mtaani, nianze kukanyaga breki pale kwenye mstari mweupe, nisimame kabla ya kofia.

Niliipita kofia ile. Niliikanyaga kwa gurudumu. Mimi, kijana mwenye miguu ya mchezaji wa mpira, mwenye diploma.

Akaiokota, akaikung'uta, akairudisha palepale. "Tena."

Nikaikanyaga mara ya pili. Mara ya tatu nikaigusa. Kila nilipogeuka na kurudi, yeye amesimama, mikono nyuma, anasema neno lilelile. Mara ya saba nikasikia pedi zinakamata, gari likasimama mita nzima kabla ya kofia. Nikashusha kioo. Nilidhani amemaliza.

Akaja dirishani, akainama hadi uso wake ukawa karibu na wangu.

"Umepata mara saba, Elia," akasema. "Nabintu alipewa mara ngapi?"

Nilizitoa pedi zile siku hiyohiyo, palepale kanisani, jeki ikiwa kwenye lami, yeye akinishikia spana. Nilipomaliza akaniambia nisinawe mikono. Niende kwa Nabintu hivyo nilivyo.

Nabintu aliishi ghorofa ya nne kwenye majengo ya halmashauri. Alifungua mlango akanikaribisha kwa furaha kabisa, akanimiminia chai, na kabla sijasema neno akaniambia, "Njoo uone, kaka. Mguu umeanza kupata nguvu." Akakaa kwenye kiti, akaegemeza mguu wa kulia ukutani, akasukuma. Kila jioni baada ya kazi alikuwa anasukuma ukuta ule, mara mia, kwa sababu mimi nilimwambia mguu wake mwepesi. Rangi ya ukuta ilikuwa imeanza kuchakaa kwa umbo la kisigino.

Nikamwambia. Nilimwambia nimesimama, mikono imejaa vumbi jeusi la breki. Pedi, uwanja wa mbio, baridi, kila kitu.

Aliuondoa mguu ukutani.

"Ulijua lini?"

"Siku ileile. Nilipogusa diski."

Akainuka kitini. Kisha akasema, "Ungeniambia siku ile, ningelia siku moja. Mimi nimejichukia wiki tatu." Akachukua kikombe changu cha chai, ambacho sikuwa nimekigusa, akakirudisha jikoni. Nikasikia anakimwaga. Hakurudi sebuleni. Nikajifungulia mlango mwenyewe.

Leseni aliipata baadaye, katika gari kuukuu la Mzee Mwakio lenye pedi za kawaida na kanyagio laini. Kazi kama ile aliipata pia, lakini mwaka mzima ulikuwa umepita, mwaka wa ndoo ambao ni mimi niliyempa. Nilikaa London miaka mingine mingi baada ya hapo, nikifanya kazi kwenye gereji nzuri, nikiheshimika. Gari langu lilibeba nusu ya kanisa. Nabintu hakupanda tena. Nimewahi kusimama mbele yake mvua ikimnyeshea kituoni, nikafungua mlango. Akanisalimia vizuri, akaulizia afya yangu, akasubiri basi.

Kwa hiyo ukija kwangu na boksi la pedi nyekundu, mwanangu, usishangae nikipandisha sauti. Nisikilize sasa, maana haya nimeyalipia kwa jina langu.

Uwanja wa mbio hauna zebra. Kule unajua kila kona kabla hujaifikia, na unapasha breki moto kabla ya kuzitegemea. Barabarani breki unayoihitaji kuliko zote ni ile ya kwanza ya asubuhi, diski ikiwa na umande, na mtoto ameshafika katikati ya njia. Kwa hiyo anayekuuzia pedi muulize kwanza zinakamata vipi zikiwa baridi, ndipo umuulize zinavumilia moto kiasi gani. Akianza na moto, ondoka dukani. Kama unataka seti moja ya kazi zote mbili, zipo za katikati, zinazokamata tangu zikiwa baridi na kustahimili mizunguko kadhaa ya uwanjani. Hizo chukua, na uwe na adabu: zunguka kidogo, kisha zunguka polepole zipoe, na ukisimama usivute breki ya mkono diski zikiwa zinawaka. Weka mafuta mapya ya breki kabla ya kwenda, maana ya zamani hunywa unyevu yakachemka, kanyagio likazama kama langu lilivyozama. Na kama moyo wako hautulii bila pedi za mashindano zenyewe, basi zibebe kwenye buti. Zifunge ukishafika getini mwa uwanja, na zitoe kabla hujatoka getini. Ni saa moja. Mimi niliikwepa saa hiyo moja, na mwanamke akasukuma ukuta wiki tatu.

Mlio si nguvu, na rangi nyekundu haisimamishi gari. Usipime breki kwa mguu wako wewe unayekimbia. Pima kwa mguu wa mtu mpole kuliko wote atakayeliendesha gari hilo. Na ukimwazima mtu gari, mwambie kila ulichobadilisha, hata kama hajui jina lake.

Kubwa kuliko yote: ukikosea, sema siku ileile, kabla mtu mwingine hajalibeba kosa lako akadhani ni mwili wake. Diploma yangu imetundikwa ofisini, na ninajivunia. Chini yake nimepigilia msumari pedi nne za mashindano. Wateja huuliza ni za nini. Na kila gari linaloguswa breki hapa hulala gereji. Asubuhi likiwa baridi naliendesha mimi mwenyewe uani, na chini kwenye saruji kuna kofia.

Mwenyezi Mungu akujalie breki inayoitika kwa mara ya kwanza, na ulimi unaosema kweli siku ileile. Akuepushe na kosa litakalolipwa na mguu wa mwingine. Uende salama, urudi salama, na kila anayevuka mbele yako afike upande wa pili.